Nani Atanishikia Ncha

Jumatano, tarehe 3

Mvua imeanza. Katibu wa chama cha wafanyakazi amenishauri niandike kila linalotokea mpaka kesi iishe. Nikamwambia mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mzee." Basi naandika hivyo hivyo, na nikikosea alaumiwe Katibu.

Leo hakuna jipya. Nguo zimeanikwa ndani. Nimekula chakula cha mchana huku gauni la mke wangu likinipiga usoni.

Alhamisi, tarehe 4

Nianze mwanzo, maana nikifa katikati wanangu watadhani baba yao alikuwa mwizi kweli.

Kiwanda chetu ni cha dobi. Tunafua shuka za hospitali na za mahoteli. Mimi niko kwenye mashine za kukamua tangu wakati meno yangu yote yalikuwa bado yanaishi kwangu. Shuka mbichi ni kama mlevi: ukiiinua haikusaidii hata kidogo. Kwa hiyo sisi wazee wa kukamua tuna mkanda. Shuka ikichakaa mpaka ikakataliwa, tunaichana kipande kirefu, tunajizungushia kiunoni chini ya shati, mgongo usije ukatuaga mapema. Mameneja wote waliopita walijua. Mmoja alikuwa na wa kwake.

Sasa mkanda huo hujifungi peke yako. Ukijifunga mwenyewe, kabla ya chai umeshuka magotini. Mwenzako anashika ncha, anaivuta ikaze, nawe unajizungusha kama feni mbovu mpaka unamfikia. Mimi aliyekuwa akinishikia ncha kila asubuhi ni mlinzi wa getini. Mlinzi huyo ni mdogo wake mke wangu. Zamani nilikuwa namwita shemeji. Siku hizi namwita Mlinzi.

Akaja meneja mpya. Suruali yake ina mkunjo mbele ambao ungeweza kukatia sabuni. Nikampa jina la Bwana Mkunjo, na jina likamkaa kuliko suruali. Akaamuru kila anayetoka apekuliwe. Siku hiyo zamu nzima tumejipanga getini, yeye amesimama pembeni, akaona kitambaa chenye chapa ya hospitali kinachungulia chini ya shati langu.

"Mfungue," akamwambia Mlinzi.

Nikamtazama Mlinzi. Nilijua atasema, "Bosi, huu mkanda naujua, asubuhi nimeufunga mimi." Hakusema. Alinifungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine, na suruali, ambayo ilikuwa inategemea mkanda huohuo, ikaenda chini. Watu wote wakaiona bukta yangu. Ina viraka. Mke wangu anasema niandike kwamba ilikuwa safi.

Kesho yake nikapewa barua ya kufukuzwa. Kosa: wizi wa mali ya mteja.

Ijumaa, tarehe 5

Mvua.

Jumanne, tarehe 9

Katibu amekuja na habari za kampuni kukata rufaa. Akajisahihisha, si rufaa, ni maombi ya mapitio kwenye Baraza la kazi. Nikamuuliza tofauti yake nini. Akasema, "Ni kubwa sana, mzee." Kisha akaomba chai. Kwa Katibu jambo asilolijua huwa ni kubwa sana.

Niseme kuhusu tuzo. Kesi yangu ilisikilizwa na Mwamuzi wa migogoro ya kazi, mtu mpole mwenye sweta. Kauli anayoitoa mwamuzi wenyewe wanaiita tuzo, utadhani nimeshinda mbio za magunia. Siku ya kusikilizwa aliniambia nimwonyeshe huo mkanda unavyofungwa. Nikautoa, nikaangalia nani atashika ncha. Katibu alikuwa anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Mlinzi, aliyeletwa na kampuni awe shahidi wao, alikuwa anasoma viatu vyake. Basi Mwamuzi akainuka mwenyewe, akashika ncha, akavuta, nami nikajizungusha mpaka tukawa pua kwa pua. Sweta lake lilinukia dawa ya mende.

Mlinzi akaulizwa: "Ulikuwa unaujua mkanda huu?"

Akajibu: "Mimi nafuata maagizo."

Mwamuzi akaandika kwamba sikuiba. Nirudishwe kazini. Na, hapa ndipo nilipolia kidogo, ingawa mke wangu nilimwambia ni mafua: Bwana Mkunjo aniombe radhi hadharani, getini, saa ya kutoka zamu, mbele ya wafanyakazi wote.

Kazi naitaka. Lakini ile radhi, mimi huiwaza kama mtu anavyowaza harusi yake. Nimeshachagua shati.

Ijumaa, tarehe 12

Mke wangu amejaribu kunishikia ncha. Mgongo unauma hata nikiwa nyumbani, umezoea kubanwa. Mikono yake haina nguvu za kuvuta. Nilipofika mlangoni mkanda ulikuwa kwenye vifundo vya miguu.

"Ungemwita mdogo wangu," akasema.

"Mdogo wako yupi?"

"Una shemeji wangapi wewe?"

"Nilikuwa naye mmoja."

Akachukua ndoo akatoka mvuani. Hakukuwa na sababu ya kutoka na ndoo.

Jumatano, tarehe 17

Mvua. Shati la radhi limeota ukungu kwenye kola. Mke wangu amelifua upya.

Alhamisi, tarehe 18

Katibu ameleta karatasi za kampuni. Nilijiandaa kusoma jinsi wanavyonitukana. Nimesoma mara mbili. Simo! Kurasa zote hizo na mimi natajwa mwanzoni tu, kama mwenye nyumba kwenye risiti ya maji. Wanayemtukana ni Mwamuzi. Hoja ya kwanza: alishika ncha ya mkanda, kwa hiyo akageuka kuwa shahidi katika kesi anayoiamua yeye mwenyewe. Hoja ya pili: kuamuru mtu aombe radhi hadharani hakumo katika madaraka aliyopewa na sheria.

"Na wizi je?" nikauliza.

"Hawauzungumzii."

"Kwa hiyo wamekubali sikuiba?"

"Hawajakubali."

"Wamekataa?"

Katibu akaomba chai.

Jumatatu, tarehe 22

Nimefanya mazoezi ya kusimulia. Nimesimama mbele ya shuka zilizoanikwa sebuleni nikazieleza kila kitu, kuanzia mashine za kukamua hadi bukta. Zimesikiliza vizuri. Moja ilidondosha chozi, lakini nadhani haikuwa imekamuliwa.

Jumamosi, tarehe 27

Leo Mlinzi amekuja nyumbani.

Nilisikia sauti yake mlangoni nikajibanza nyuma ya shuka kubwa ya kitanda iliyoanikwa katikati ya chumba, nikakaa kwenye kiti changu huko huko. Mke wangu akamkaribisha, akampa taulo, akamwambia kwa sauti ya kunisuta, "Shemeji yako yupo. Amejianika."

Mlinzi akavuta kigoda upande wa pili wa shuka. Niliona viatu vyake tu, vimelowa.

"Shemeji, shikamoo."

Salamu haina kosa. "Marahaba."

"Bwana Mkunjo amenituma."

"Nilijua. Wewe hufuata maagizo."

Shuka ikadondosha maji. Akasema kampuni iko tayari kuondoa maombi yake kule Barazani. Nirudi kazini wiki ijayo, mashine yangu ile ile. Sharti ni moja: nitie saini kwamba ile radhi naisamehe.

Mke wangu akaacha kupepeta mchele. Nilisikia alivyoacha.

"Na wewe umekubali kuwa tarishi wake?" nikauliza.

"Nimekubali kwa sababu nataka urudi, shemeji. Yule wa zamu ya mchana anayekaa kwenye mashine yako ameshabana vidole. Watu wanakutaka."

"Mwambie bosi wako aje mwenyewe, avuke tope, mkunjo uloane."

"Shemeji." Sauti ikashuka. "Ningefanyaje siku ile? Ningekataa, tungekuwa wawili nje ya geti. Nina watoto, unawajua, ni wako pia."

"Sikukuambia ukatae. Nifungue, sawa. Ungesema tu unaujua mkanda. Maneno mangapi hayo? Kwa Mwamuzi umeulizwa kabisa, mtu amekufungulia mlango na mwavuli amekushikia, na bado."

Viatu vikakaa pale muda mrefu, kisha vikasimama, vikaondoka.

Mke wangu akaja upande wangu wa shuka. Nimekaa naye miaka mingi, hasira zake nazijua kwa majina, hii sikuijua. "Umepewa kazi yako mkononi ukaitema," akasema. "Kwa ajili ya nini? Akuombe radhi yule meneja wenu, ndiyo mgongo utanyooka?"

"Mama, niliachwa na bukta mbele ya watu."

"Na mimi nimeachwa na wewe nyumbani mvua nzima! Nani ameonewa zaidi?"

Hapo nilitaka kucheka, yeye hakutaka.

Jumapili, tarehe 28

Hatuongei. Mvua inaongea peke yake.

Jumanne, tarehe 30

Ameniwekea chai mezani. Haina sukari, lakini ni chai.

Ijumaa, tarehe 2, mwezi mpya

Mwezi mpya, ukungu ule ule. Nimemwaza Mwamuzi leo. Kama alijua radhi haimo katika madaraka yake, kwa nini aliiandika? Kama hakujua, kwa nini aliwekwa pale? Nilikuwa nampenda sana yule mtu. Bado nampenda, ila kama unavyompenda mgeni aliyekuletea zawadi isiyopita mlangoni.

Jumatano, tarehe 7

Mke wangu ameniita bila kuniangalia. Amechana shuka yetu wenyewe, ile ya maua mekundu tuliyopewa na binti yetu, ameikunja na kuipinda kingo kwa sindano. Mkanda mpya. "Huu hauna chapa ya mtu," akasema. "Kesho na keshokutwa nani atauliza umeutoa wapi?"

Nikamwambia maua yatanifanya nionekane bibi harusi.

"Kiuno hicho?" akasema. Basi, tumepatana.

Jumanne, tarehe 13

Barazani. Naandika yote, ingawa mkono umechoka na mwenye mkono zaidi.

Chumba kina ndoo mbili za kukinga maji yanayovuja, na kila mtu anajifanya hazipo. Wajumbe ni watatu. Mwenyekiti ni mama wa makamo anayesema polepole kama anapanga mayai. Kampuni imeleta wakili, binti mdogo mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Bwana Mkunjo kakaa nyuma yake. Mvua haikumgusa, sijui alipita wapi.

Binti akaanza na ile ncha. Akasema mwamuzi anatakiwa kukaa na kusikiliza. Akisimama na kushika ushahidi, tena akauvuta, ameacha kiti chake. Mwenyekiti akamuuliza, "Upande wenu mlikuwepo?" Akasema walikuwepo. "Mlipinga?" Akapekua mafaili. Hawakupinga. "Alifanya kwa siri?" Hapana. "Kuna mlichonyimwa kusema?" Hapana.

Katibu akasimama, akasema ni jambo kubwa sana, akakaa. Ndiyo utetezi wangu huo.

Nikaona huu ndio wakati. Nikainuka. Nimevaa shati la radhi na ndani mkanda wa maua, aliofunga mke wangu asubuhi kwa nguvu zake zote. Nikaanza, "Waheshimiwa, mimi nimefanya kazi ya kukamua..."

"Mzee wangu," Mwenyekiti akasema, na kwa kweli alisema kwa heshima, "hilo alishalisikiliza Mwamuzi. Sisi hatusikilizi upya. Hata tukiona alipima vibaya, au tungekuwa sisi tungeamua vingine, hiyo siyo kazi yetu. Tunaangalia kama alipita njia halali na kama hakutoka nje ya uzio wake. Una la kusema juu ya hayo mawili?"

"Nataka kusema sikuiba."

"Hilo halipo mbele yetu."

"Lipo mbele yangu, mama."

Watu wakacheka kidogo, na yeye akatabasamu, na hapo mkanda ukaamua kulegea. Niliusikia unashuka. Nikaubana kwa viwiko nikakaa taratibu kama mtu mwenye siri. Maua mawili yakachungulia chini ya shati. Bwana Mkunjo aliyaona. Nikamtazama mpaka akatazama ndoo.

Kisha hoja ya radhi. Hapo binti wa watu alikuwa hodari, lazima niseme. Alisoma sheria kipengele kwa kipengele: mwamuzi anaweza kumrudisha mtu kazini, anaweza kuamuru fidia, basi. "Radhi ni jambo la moyo," akasema. "Sheria haikumpa Mwamuzi moyo wa mtu." Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Katibu akanikanyaga.

Nje kwenye korido, mvua inapiga mabati hadi unapayuka, binti yule alikuja kusimama karibu nami kusubiri ipungue.

"Shikamoo, babu. Usinichukie."

"Marahaba. Sijafikia zamu yako, foleni ni ndefu."

Akacheka. Akasema, "Hata mteja wangu amekasirika. Alitaka aje aeleze kwamba aliona chapa kwa macho yake, alikuwa na haki ya kukushuku. Nimemwambia naye hatasikilizwa. Humo ndani leo hakuna mwizi wala aliyeibiwa."

"Kuna nani, sasa?"

"Mwamuzi tu. Na hajaja."

Nimerudi nyumbani na hilo neno. Miezi yote hii nimebeba kesi kama shuka mbichi, kumbe si yangu, ni ya mtu mwenye sweta aliyekaa kwake anakunywa chai.

Jumatano, tarehe 14

Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, tarehe 20

Mvua imepungua nguvu, inanyesha kwa uvivu kama mfanyakazi wa Ijumaa. Nimeulizwa na mke wangu kama wakinipa kazi bila radhi nitarudi. Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Kupita geti lile, mikono juu, mbele ya wale wale, kana kwamba hakuna lililotokea!

Jumatano, tarehe 28

Uamuzi. Umesomwa kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuvaa viatu.

Ncha ya mkanda: Mwamuzi kuonyeshwa jambo mbele ya pande zote mbili si kosa, na aliyenyamaza wakati ule asije kupiga kelele leo. Kama alipima ushahidi vizuri au vibaya, Baraza haliingilii. Nirudishwe kazini. Radhi: iko nje ya madaraka yake, inafutwa. Wamekata pale tu, kama unavyokata kipande kilichooza, tunda likabaki.

Mwenyekiti aliongeza, akiniangalia, "Baraza halisemi kama tuhuma ilikuwa ya kweli au ya uongo."

Nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. "Wamesema hukuiba?"

"Hawakusema."

"Wamesema umeiba?"

"Hawakusema."

"Wamesema nini basi?"

"Wamesema Mwamuzi alikosea nusu. Nirudi kazini Jumatatu. Radhi hakuna."

Akahesabu kimoyomoyo, nikamwona. Ni kile kile alicholeta mdogo wake siku ile ya shuka. Nimezunguka mvua nzima na kurudi pale pale, na mafua juu. Alikuwa na haki ya kunisema mpaka mwezi uishe. Hakunisema. Alitia chai sukari, vijiko vingi, ikawa tamu hainyweki, nikainywa.

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu wa daftari hili

Nimerudi.

Asubuhi Mlinzi alifungua geti akasema "Karibu" akiitazama kufuli. Ofisini nikapewa kifurushi. Kampuni imenunua mikanda ya dukani kwa watu wote wa kukamua, mipana, myeusi, ina gundi ya kubana, unajifunga mwenyewe. Kwa hiyo Bwana Mkunjo sasa anajua mkanda ni wa nini. Hakuna aliyesema neno. Nimeujaribu. Ni mzuri, unabana, hauhitaji mtu. Nikauvua nikaurudisha kwenye kifurushi, nikafunga ule wa maua peke yangu chooni. Ukalegea kabla ya chai, kama kawaida. Nimekamua siku nzima nikiushikilia kwa kiwiko.

Saa ya kutoka, foleni getini. Bwana Mkunjo yuko dirishani ofisini juu. Upekuzi haujafutwa. Zamu yangu ilipofika, watu wa nyuma wakasogea kuangalia.

"Pita tu," Mlinzi akasema chini chini.

"Nipekue."

"Nimesema pita."

"Wengine umewapekua. Mimi nina nini, mimba?"

Wakacheka. Nikanyanyua mikono. Shati likapanda, maua hadharani. Mtu akapiga mluzi.

"Fungua," nikasema. Suruali leo niliifunga kamba, mimi si mjinga mara mbili.

Akafungua. Mzunguko, mzunguko, maua yanazidi kutoka, watu wanacheka, mimi mwenyewe nacheka, mpaka wote ukawa mikononi mwake. Akautazama. Hakuupekua. Akainua uso, si kwangu, kwa foleni, na kwenye lile dirisha, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mkanda wa mzee huyu mimi naujua. Hata ule wa siku ile nilikuwa naujua. Kila asubuhi nilikuwa naufunga mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Dirishani pazia lilisogea, au ni upepo, mimi macho yangu si ya kutolea ushahidi.

Basi akarudi nyuma hatua chache, akashika ncha kwa mikono miwili, akavuta. Nami nikajizungusha, taratibu, magoti yakilia, mbele ya zamu nzima, mpaka nikamfikia.

Nyumbani mke wangu alinigusa mgongoni wakati navua viatu. "Umekaza huu! Nani kakufunga?"

"Shemeji," nikasema.

Jumanne, tarehe 4

Jua. Nguo zimeanikwa nje.